Darasa la Imani Limfuate Mama Alipo



Sisi wauguzi hatuachwi tukae tu na vyeti vyetu ukutani. Leseni ya kazi inapohuishwa, hutakiwa tuonyeshe kwamba tumeendelea kujifunza, maana dawa hubadilika na njia za kumhudumia mgonjwa hubadilika. Ni mama gani angependa kuzalishwa na mkunga aliyefunga daftari lake miaka ishirini iliyopita? Lakini katika mambo ya imani, wengi wetu tulifunga daftari siku ya Kipaimara. Tangu hapo tumeolewa, tumezaa, tumeuguza na tumezika, na elimu yetu ya dini imebaki ile ile ya utotoni.

Kanisa halikutaka iwe hivyo. Mwaka 1979, katika waraka wake juu ya katekesi, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba katekesi ya watu wazima ndiyo iliyo kuu, kwa kuwa mtu mzima ndiye mwenye majukumu na ndiye awezaye kuishi imani kwa ukamilifu wake. Basi si jambo la ziada kwa wale wenye nafasi.

Umuhimu wake niliuona wodi ya wazazi. Mama mmoja alifiwa na mtoto wake mchanga kabla hajabatizwa. Jirani aliyekuja kumpa pole alimwambia kwamba mtoto asiyebatizwa hana mahali mbinguni. Nilipokwenda kumpima presha, alinishika mkono akaniuliza, "Nesi, mwanangu yuko wapi?" Swali hilo halimo katika mitihani ya uuguzi.

Nilimweleza kwamba Kanisa humkabidhi mtoto kama huyo kwa huruma ya Mungu, ambaye anataka watu wote waokolewe. Ndivyo inavyofundisha Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992. Tena mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa hati nzima kueleza kwa nini tunayo sababu ya kuwa na matumaini juu ya watoto hao. Mama yule hakuacha kulia, lakini aliomba nimwinue aketi, kisha akaomba chai.

Maneno hayo niliyapata katika somo la Ubatizo, ambalo parokia yetu ililileta kwa njia ya simu. Katika somo hilo hilo tulikumbushwa kwamba mtoto aliye hai akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya kutenda kama Kanisa linavyotenda anaweza kumbatiza. Humiminia maji kichwani huku akitamka kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Baadaye paroko huarifiwa. Kila mama na kila bibi anapaswa kulijua hilo.

Zamani darasa letu la watu wazima lilikuwa Alhamisi saa kumi alasiri. Saa hiyo mimi niko zamu, mama lishe yuko jikoni, na mwenye kichanga ananyonyesha. Waliofika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wengine tulionekana wavivu wa dini. Ndipo paroko na katekista wakaanzisha kundi la masomo kwenye simu. Kila Jumatatu huja somo la sauti la dakika kumi, ukurasa mmoja wa kusoma, na swali moja. Kila mtu hujibu kwa wakati wake kabla ya Jumamosi, na katekista hutusahihisha kwa upole. Jumapili baada ya Misa ya pili tunakaa nusu saa kuzungumza uso kwa uso.

Jambo hili si geni duniani. Chuo Kikuu cha Dayton, chuo cha Kikatoliki katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kwa miaka mingi kimetoa kozi za imani kwa watu wazima kwenye intaneti, kwa Kiingereza na Kihispania, kikishirikiana na majimbo ya Kanisa. Huko nako mwanafunzi huingia darasani kwa saa inayomfaa, na yupo mwezeshaji wa kumwongoza.

Lakini, akina mama wenzangu, simu peke yake haitoshi. Bando ni fedha, na si kila mama ana simu janja. Kwa hiyo sisi tunasikiliza somo katika jumuiya ndogo ndogo, simu moja kwa kaya tatu au nne. Asiyejua kusoma husikiliza, na majibu yake huandikwa na jirani. Tena mitandaoni wamejaa wanaojiita walimu, ambao hakuna aliyewatuma. Kabla ya kufuata kozi yoyote, muulize paroko wako kama mafundisho yake ni ya Kanisa.

Liko na jambo la nyumbani. Mume akimwona mkewe ameinamia simu saa nne usiku, moyo wake hautulii, wala hatuwezi kumlaumu. Usisome kwa kujificha. Mweleze unachosoma, kisha ongeza sauti msikilize wote. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo, na mumewe, ambaye kanisani alionekana kwa nadra, alikuwa akisikiliza huku amegeukia ukutani. Siku hizi Jumatatu ikifika yeye ndiye anayeuliza kama somo limekuja.

Kama parokia yako haina darasa la namna hii, zungumzeni katika jumuiya au katika kikao cha WAWATA, mmweleze paroko hali zenu: saa za kazi, umbali, watoto. Anzeni na somo moja na watu watano. Watoto wetu wanatuuliza maswali makubwa kuliko yale tuliyowauliza mama zetu, na wagonjwa wanatuuliza makubwa zaidi. Elimu haina mwisho, na mtoto hasikilizi kwa muda mrefu mama anayemjibu kila siku, "Nenda kamuulize katekista."