KABLA HUJAFUNGA TABO, PITIA GEREZANI

Kama Dar unaijua kwa Coco Beach na Mlimani City tu, basi nusu ya jiji bado hujaiona. Hiyo nusu nyingine inanuka oili, nayo iko Gerezani.

Ukishuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani huna haja ya kuuliza njia. Fuata mlio wa nyundo. Milango ya magari imening'inizwa kama mitumba, taa zimepangwa kama mafungu ya nyanya, na injini nzima nzima toka Japani zimelala chini zikisubiri mteja. Kila hatua kuna mtu anakuita "bosi". Ukimwambia huna gari anacheka, lakini kadi yake ya biashara anakupa vilevile. Huwezi jua, kesho unaweza kuwa nalo!

Mimi nilitia timu pale kwa swali moja linaloleta ubishi kwenye vijiwe vyote vya wapenda michuma: injini ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani, ringi zake zinabeba tabo ya nguvu kiasi gani? Kila mshikaji ana namba yake. Huyu anasema 300, yule 500, na mwingine kaona video ya Supra, basi anaapa kabisa kuwa 700 ni kitu cha kawaida.

Nikampata fundi mmoja mtu mzima, mvi zimeanza kuingia, kakaa juu ya tairi anasafisha pistoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwaga swali. Hakunitajia namba. Alichukua ringi moja akaniwekea kiganjani.

Jamani, kitu chenyewe ni chembamba! Ni kijipete cha chuma kilichokatwa sehemu moja, na kwa kawaida kila pistoni inavaa vitatu. Viwili vya juu vinazuia moto usishuke, cha tatu kinakwangua oili isipande. Pale kilipokatwa panabaki mwanya, na huo mwanya ndio habari yenyewe.

"Chuma kikipata moto kinafanyaje, mwanangu?" akaniuliza.

"Kinarefuka, mzee."

"Basi jibu unalo."

Kwa silinda yenye upana wa milimita 86, injini isiyo na tabo huachiwa mwanya wa milimita 0.35 hivi. Ukifunga tabo, mafundi wanataka 0.5 au zaidi kidogo, kwa sababu joto linaongezeka na ringi inarefuka zaidi. Ukibana mno, ncha mbili zinakutana na ringi inakosa pa kwenda. Hapo inaikwangua silinda, au inavunja ule ukingo wa pistoni unaoishikilia. Mzee akanionyesha pistoni iliyomegeka hivyo hivyo, kama sahani iliyodondoka jikoni.

Kwa hiyo nguvu peke yake si muuaji. Wauaji ni wawili: joto, na petroli kujilipua kabla ya wakati wake. Huo mlipuko ni nyundo inayompiga pistoni kichwani, na ringi ndiyo inayolia kwanza.

Sasa turudi kwa Supra. Injini yake ya 2JZ-GTE ilitoka kiwandani na tabo mbili, ikatangazwa kuwa na nguvu za farasi 280. Wengi duniani wameipitisha 500 bila kugusa pistoni wala ringi, kweli kabisa. Lakini ile ilizaliwa na tabo! Inabana hewa mara 8.5 tu. Altezza ya giya sita yenye injini ya 3S-GE, zile tunazopishana nazo kila siku, ina farasi 210 na inabana mara 11.5. Ndugu yake ya tabo, 3S-GTE ya Celica iliyoshinda Safari Rally kule Kenya miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995, inabana kati ya 8.5 na 8.8. Toyota hawakushusha namba hiyo kwa bahati mbaya. Walikuwa wanaiachia tabo nafasi.

Halafu kuna hewa yetu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi zaidi. Dar tuko puani pa bahari, hewa ni nzito, na ukiongeza jua la Januari na foleni, injini inapikwa kama pilau. Usiige vipimo vya mtu wa nchi ya baridi.

Tukiwa katika mazungumzo hayo akaingia kijana na Altezza nyeusi, inang'aa hadi unajiona. Ndiyo mtaji wake: mchana anasambazia wateja vitenge vya mama yake, na hela ya tabo ameichanga mwaka mzima. Swali lake lilikuwa lile lile langu. "Fundi, hii inabeba ngapi?"

Mzee akatoa plagi, akafunga geji ya kompresheni. Silinda tatu zikasoma zaidi ya 190. Moja ikasoma 140. Akadondoshea kijiko cha oili ndani yake, akapima tena: 175. Oili ilikuwa imeziba pale ringi ziliposhindwa kuziba. Altezza zilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho imeshatimiza miaka 20.

"Hii haibebi hata nguvu zake yenyewe," mzee akasema taratibu.

Kijana alinyamaza. Akazunguka gari lake mara moja, akapangusa boneti kwa kiganja, halafu akauliza oveholi ni shilingi ngapi. Roho iliniuma, lakini nilimheshimu. Lile gari likifa njiani, vitenge vya mama navyo vinalala.

Basi wewe mwenye mchuma wako, kabla hujaulizia tabo, ulizia geji. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: kikipumua moshi kama chungu, tulia kwanza. Ukiona moshi wa bluu nyuma, tulia zaidi. Na ukiamua kufunga, injini ifunguliwe, mwanya wa ringi upimwe, presha iwe ndogo, na petroli iwe ya oktani ya juu.

Ukikuta mtu kijiweni anakutajia namba moja ya injini zote, mnunulie kahawa, msikilize, kisha panda mwendokasi ushukie Gerezani. Geji ya mzee haina mshikaji wala adui.