Sensa ya Vilango Inalalamika

Maneno niliyoyafanya anwani hapo juu si yangu. Aliyatamka kijana mmoja, fundi wa magari hapa Tanga, akiwa ameinama juu ya injini ya gari langu la dizeli na kifaa cha kupimia mkononi. Yalinipendeza mno. Nilitoa daftari nikayaandika, kisha nikahesabu kwa vidole: sensa ya vilango, mizani 6, inalalamika, mizani 6. Mshororo mzima wa mizani 12, uliogawanyika sawasawa, umetoka kinywani mwa mtu asiyejidai kuwa malenga. Nikafunga daftari nikiwa nimeridhika. Mizani nilizipata zote. Habari niliyopewa sikuipata.

Nilikuwa nimempeleka mama Lushoto. Tulipoiacha Mombo na kuanza kupanda kona za kwenda Soni, taa ya injini iliwaka na gari likaishiwa nguvu. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, lakini tulitambaa kama mkokoteni, na nyuma yetu lori likipiga honi. Mama hakusema neno. Alishika mkanda kwa mikono miwili. Tulifika salama, ila ile mikono yake sikuisahau.

Kabla sijaendelea, yanipasa nieleze vilango ni nini. Katika injini nyingi za dizeli za siku hizi kila silinda hupokea hewa kwa njia mbili. Katika njia mojawapo huwekwa kibapa kidogo kinachofunguka na kufumba. Injini inapozunguka polepole kibapa hufumba, na hewa yote hulazimika kupita njia ya pili kwa kasi, ikaingia ikijizungusha kama kimbunga na kuchanganyika vyema na mafuta. Injini inapokwenda mbio kibapa hufunguka ili hewa iingie tele. Vibapa vyote huendeshwa na mkono mmoja unaosukumwa na mota ndogo, na sensa huitazama nafasi ya mkono huo na kuipasha habari kompyuta ya gari. Yule kijana aliviita vilango, na sijaona jina linalofaa zaidi. Wenye kujua kilango cha bahari wataelewa jinsi njia inapobanwa maji yanavyokwenda kasi.

Kifaa cha kijana kilionyesha msimbo P2015, yaani taarifa ya nafasi ya vilango imetoka nje ya mipaka inayotarajiwa. Ndipo aliposema ule mshororo. Mimi nikasikia: sensa ni mbovu. Katika gari langu sensa na mota hukaa ndani ya kasha moja, hivyo niliagiza kasha jipya kwa bei iliyoniuma, nikamletea alifunge. Alisita kidogo, akaanza kusema jambo kuhusu mkono, nami nikamkatiza kwa kuwa nilikuwa na haraka. Alilifunga. Nikamlipa ufundi wake shilingi 60,000.

Baada ya siku nne taa iliwaka tena. Nilirudi uani kwake nikamwita mwongo mbele ya wateja na vijana wenzake. Hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na zile fedha zote, akanipa kwa mikono miwili. Nilizipokea.

Gari nikalipeleka kwa mzee mmoja mwenye gereji upande wa pili wa mji. Baada ya shikamoo na marahaba hakushika spana, alishika maneno.

"Nani kakwambia sensa ni mbovu?"

"Kijana aliyelipima."

"Alisemaje hasa?"

Nilifungua daftari nikamsomea. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Inalalamika. Basi mwalimu, ungeuliza inalalamikia nini."

Aliniambia nikae kwenye usukani, niwashe gari, kisha nilizime, huku yeye amemulika tochi nyuma ya injini. Katika gari kama langu, ukizima injini, mkono wa vilango huenda mwisho wa huku na mwisho wa huko kujipima. Akaniita nitazame. Mkono ulifika pale ulipopaswa kusimama, ukapitiliza. Kizuizi cha plastiki kilichotakiwa kuukomesha kilikuwa kimelika. Aliutikisa kwa kidole, ukacheza kama jino la mtoto. Sensa ya kwanza ilisema kweli, na ya pili, niliyoinunua kwa fedha za kukopa, ilikuja kurudia kweli ile ile.

Wenye magari wana neno sensa, na serikali ina neno sensa, na masikio hayatofautishi. Tanzania ilihesabu watu wake mwezi Agosti 2022, na makarani wakapita nyumba kwa nyumba. Karani akikuta watoto kumi chini ya paa moja huandika kumi. Si yeye aliyewazaa. Mimi nilifukuza karani nikaleta mwingine, nikitumaini idadi ya watoto itapungua.

Mzee alilifungua bomba lote la kugawia hewa. Ndani hamkuwa na njia, mlikuwa na lami. Moshi unaorudishwa kutoka kwenye ekzosi hubeba masizi, mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini huyalowesha, na vikikutana huganda tabaka juu ya tabaka. Tundu lililopaswa kupitisha vidole viwili lilipitisha kidole kimoja kwa shida. Vilango vilivyonata huulazimisha mkono kuvuta kwa nguvu, na mkono unaovuta kwa nguvu hula kizuizi chake.

Aliziba matundu ya injini kwa vitambaa safi na kuvihesabu kwa sauti, vinane, ili vinane vitoke. Donge la masizi au kitambaa kilichosahauliwa kikiingia kwenye silinda huleta hasara kubwa kuliko ile ya mwanzo. Bomba alilisafisha pembeni, mbali na injini, hadi kila kilango kikapepea kwa kusukumwa na kidole. Akafunga kipande cha chuma mahali pa kizuizi kilicholika, akaweka gasketi mpya, akafuta msimbo, kisha akaiacha kompyuta ijifunze upya mwanzo na mwisho wa mkono.

Nilimwuliza kama hakuna njia ya mkato. Alisema ipo: wapo wanaounganisha kipingamkondo kidogo kwenye waya, kompyuta ikasomewa kwamba vilango viko sawa, taa ikazimika. "Lakini masizi hayasomi waya," alisema. Nilikumbuka beti ambazo nimezitia neno tupu ili kina kitimie.

Nimepanda tena hadi Lushoto, na mama alisinzia njia nzima. Lakini deni lilikuwa bado. Wahenga walisema mjumbe hauawi, nami nilikuwa nimewaua wajumbe wawili: mmoja wa waya, mmoja wa nyama na damu. Jumamosi iliyopita nilikwenda uani kwa yule kijana. Aliponiona aliweka bisibisi chini, akajifuta mikono.

"Shikamoo mwalimu. Taa imewaka tena?"

"Marahaba, mwanangu. Haijawaka. Wewe ulisema kweli, mimi ndiye sikusikia."

Niliyasema hayo kwa sauti, wenzake wakiwapo, kwa kuwa tusi nalo nilikuwa nimelitoa wakiwapo. Nilimrudishia shilingi 60,000. Alizikataa mara mbili, akazipokea mara ya tatu. Kisha akaniuliza mkono ulikuwa umepitiliza kiasi gani, tukazungumza kuhusu vilango hadi adhuhuri.

Katika daftari, chini ya mshororo wake, nimeandika ubeti huu:

Nilihesabu mizani, maana ikanipita,
Mjumbe nikamlani, kwa neno aliloleta,
Kumbe kosa sikioni, si waya wala mafuta,
Leo narudi uani, radhi yake natafuta.