Saa Nane ya Muuguzi
Muuguzi hufunzwa kuhakikisha mambo matano kabla ya kutoa dawa: mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati. Hilo la tano ndilo linalotuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Shangazi yangu alitoka hospitalini na vidonge vya kumeza “kila saa nane”. Akavimeza saa nane mchana, kimoja kwa siku, hadi kidonda kikaanza tena kutunga usaha. Muuguzi alikusudia kila baada ya muda wa saa nane. Lugha yetu hutumia tamko moja kwa yote mawili. Na “kutwa mara tatu”? Kutwa ni mchana. Je, usiku ugonjwa nao hulala? Laiti vyuo vya uuguzi vingefundisha Kiswahili, vikaanzia hapo penye saa.