Acha Uchuro

Jioni moja mama alikuwa akichagua mchele ukumbini, akaniambia, "Siku zangu zikikaribia, msinizungushe hospitali." Nikamkatiza: "Mama, acha uchuro." Akanyamaza, akaendelea na mchele wake. Hakulirudia tena neno lile.

Mwaka uliofuata saratani ilishaingia kwenye ini. Tukamficha. Mjomba alisema akijua atakata tamaa, nasi tukaafiki. Kila aliyeingia wodini alimwambia "utapona tu" huku akitazama pembeni. Alipopoteza fahamu, daktari akatuita: awekewe mashine ya kupumulia, au aachwe apumzike? Baba mdogo akataka mashine, dada akakataa, wakarushiana maneno pale koridoni. Daktari akauliza, "Mwenyewe aliwahi kusema anataka nini?" Jibu nilikuwa nalo mimi, nusu yake, maana nusu ya pili niliizuia kwa mdomo wangu. Sikusema kitu. Mama alifariki siku ya tisa, mpira ukiwa kooni.

Kuusia tunakujua. Shamba lina wasia, nyumba ina wasia. Mwislamu anajua hata kipimo, kwamba hausii zaidi ya theluthi moja ya mali yake. Mwili unaouma ndio haumo. Tunaona kumrudisha mgonjwa nyumbani ni kumtelekeza, na hapo ndipo tunapokosea. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, dawa yake kuu ilikuwa mofini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa kwa kipimo akiwa kitandani kwake; mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Hiyo ndiyo tiba shufaa. Mama angeweza kulala ukumbini kwake bila kulia kwa maumivu.

Baba ana miaka 78 na moyo wake umechoka. Idi iliyopita nilimuuliza: ukishindwa kusema, nani akusemee? Mashine unazitaka? Ulazwe wapi? Akanikazia macho. "Daktari kakwambia nini?" Nikamwapia kwamba hakuna kilichofichwa. Akanijibu kesho yake, baada ya alfajiri. Mashine hazitaki, nyumbani anapataka. Msemaji akamtaja dada, si mimi mwanawe mkubwa. "Wewe unaogopa," alisema. Iliniuma, lakini alisema kweli.

Tumeyaandika. Nakala moja iko na hati ya shamba, nyingine ndani ya daftari lake la kliniki. Baba mdogo, yule yule aliyetaka mashine, tulimwita akayasikie kwa masikio yake.