Matairi Mapana ya Nyuma
Peugeot 504 yangu kuukuu, hapa Giteranyi, ilikuwa na matairi yenye upana wa milimita 175. Kwa kutaka ionekane imara, nikafunga ya 205 nyuma. Tofauti ni milimita 30: kumi na tano kwa ndani, kumi na tano kwa nje. Gari tupu lilikwenda vizuri. Walipopanda mama watoto, wanetu watatu na magunia ya maharagwe, springi zikabonyea. Njiani kwenda Muyinga nikasikia mkwaruzo, nikaupuuza kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kulipa. Mama watoto ndiye aliyeamuru tusimame. Ukingo wa madigadi ulikuwa umelichonga tairi hadi nyuzi zikaonekana. Fundi aliniambia baadaye kuwa nafasi hupimwa gari likiwa limepakiwa. Nimerudisha yale ya 175.