Karo ya Mikoko
Pale Mida Creek kuna daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko. Watalii hulipa kiingilio, na pesa zile husaidia karo za watoto wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mpango huo ni ASSETS, wa A Rocha Kenya. Mzuri kweli, ila basari zake ni za sekondari. Wa gredi ya 8 washaanza kupotelea kwa bodaboda na bichi.

Jumamosi nakaa na wanane hivi, tunapiga hesabu za sehemu. Binti mmoja akaniuliza, "Kaka, chuo uliacha kwa nini?"

"Karo."

Akanyamaza, akarudi kwa sehemu zake. Wiki iliyofuata hakuja. Nimeenda kwao mara mbili. Nyanya yake anasema yuko Mombasa, kwa shangazi. Ana miaka 14.