Leipzig: Sanamu iling'olewa, fidla haikunyamaza

Ukifika Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, utaiona sanamu ya mtunzi Felix Mendelssohn karibu na Kanisa la Mtakatifu Thomas. Lakini kabla ya kuitazama, msomaji, tafuta kwanza santuri ya muziki wake wa fidla na okestra.

Muziki huo ulipigwa kwa mara ya kwanza mjini humo Machi 13, 1845, Ferdinand David akishika fidla. Zamani mpiga fidla alizoea kungoja okestra itangulie kwa muda mrefu. Hapa fidla haingoji. Huingia karibu papo hapo, kwa sauti ya majonzi. Sehemu ya kwanza ikiisha, zumari moja nene hubaki likivuta sauti, nayo sehemu ya pili huanza bila kimya.

Mwaka wa 1936 Wanazi waliing'oa sanamu ya Mendelssohn kwa kuwa alizaliwa Myahudi. Meya, Carl Goerdeler, alijiuzulu. Muziki wenyewe ukapigwa marufuku.

Sasa sikiliza santuri ya 1952, miaka saba tu baada ya vita. Mpiga fidla ni Yehudi Menuhin, Myahudi wa Marekani. Okestra ni Berlin Philharmonic, na kiongozi wake ni Wilhelm Furtwängler, aliyebaki Ujerumani enzi za Wanazi. Hakuna hotuba wala kuombana radhi. Fidla yaanza, Wajerumani wanaifuata.

Sanamu unayoiona leo ilisimamishwa mwaka wa 2008. Muziki ulikuwa umerudi zamani. Wimbo uliokwisha kuingia masikioni mwa watu, nani ataung'oa?